Dakta Albert Cook wa Mengo na Ugonjwa wa Malale

 Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa kale tumezoea kuwaletea habari za maaskofu, makasisi na wainjilisti. Mara hii tumemchagua mganga. Si kwamba maaskofu wamekwisha. Ni kwa sababu ya jambo ambalo limekuwa likirudi katika mazungumzo yetu baada ya ibada, tena limeleta machozi katika nyumba zaidi ya moja.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu tunayemjua anabadilika. Alikuwa mpole, sasa ana hasira za ghafula. Alikuwa hodari wa jembe, sasa anasinzia kivulini mchana kutwa. Jana ulimpa habari, leo haikumbuki. Hapo kila mtu hutoa hukumu yake: amerogwa, ana pepo, amekuwa mvivu, amejiachia. Na sisi watu wa Dodoma tuna neno letu jepesi, kwamba apelekwe Mirembe, tena tunalisema kwa kicheko, kana kwamba Mirembe ni tusi na si hospitali. Ni mara chache mtu husimama akauliza ni sehemu gani ya mwili wa ndugu huyu inayoumwa. Dakta Albert Cook aliishi miaka mingi mbele ya swali hilo, na ndiyo maana tumependa mmjue.

Alizaliwa Hampstead, London, tarehe 2 Machi 1870. Mwaka uleule, mjini Berlin, waganga wawili Wajerumani, Fritsch na Hitzig, walifunua ubongo wa mbwa wakaugusa kwa umeme hafifu, sehemu moja baada ya nyingine. Walipogusa mahali fulani upande wa mbele, mguu wa upande wa pili ulitikisika. Walipogusa mahali pengine, uso ulikunjamana. Miaka tisa kabla yao, huko Paris, mganga Paul Broca alikuwa ameuchunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, ingawa aliyaelewa aliyoambiwa. Akakuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Basi ikaanza kujulikana kwamba ubongo si kama uji ndani ya chungu, ambao popote utakapochota ni uleule. Ni kama tembe la wazee wetu: paa ni moja, lakini ndani pana mahali pa kulala, mahali pa kupikia, mahali pa ndama na mahali pa nafaka. Moto ukishika chumba kimoja, hasara ya kwanza ni ya chumba kile.

Elimu hiyo mpya ndiyo Cook aliyoikuta alipokuwa mwanafunzi. Alisoma Cambridge, katika chuo cha Trinity, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, London. Mwaka 1896 alikubaliwa na CMS, chama kilekile kilicholeta Injili Mpwapwa na Ugogo. Wamisionari wa kwanza wa Uganda walikuwa wakipita huku kwetu, wakitozwa hongo na kuhangaikia maji. Cook alipokwenda, mwisho wa mwaka ule, njia ilikuwa imehamia Mombasa. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, basi walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi, Bi Katharine Timpson, ambaye alikuja kuwa mkewe mwaka 1900. Mama huyo anastahili ukurasa wake peke yake, maana wakunga wa Uganda wana sababu ya kumkumbuka kuliko hata mumewe.

Walianza kutibu katika kibanda, na mwaka uleule wakawa na hospitali ya miti na nyasi. Baadaye katika mwaka huo askari Wanubi waliasi, na Cook akaenda Busoga kuwatibu majeruhi. Ndugu yake, Dakta Jack Cook, alimfuata mwaka 1899. Mwezi wa Novemba 1902 radi iliipiga hospitali ikaungua, na ya matofali ikafunguliwa mwaka 1904. Haya tunayapita upesi, kwa sababu jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuingia mlangoni kabla ya radi.

Mwezi wa Februari 1901 Dakta Jack aliwaona Mengo wagonjwa wawili ambao hakuweza kuwafananisha na wagonjwa wengine wa hapo. Ndugu wale wawili walishauriana. Vitabu vya waganga vilieleza ugonjwa wa usingizi wa pwani ya Afrika ya Magharibi na Kongo, lakini upande wa Uganda haukuwa umewahi kuandikwa. Wakakata shauri kwamba ndio huo. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wanawaona wengi, hasa watu wa Busoga na wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Waganda waliuita mongota, yaani kusinzia. Sisi tunauita malale.

Tufikirie jinsi mgonjwa wa namna hiyo alivyofika. Hakufika amelala. Kwanza alikuwa na homa za kuja na kuondoka, kichwa kikimuuma, na vitezi vimevimba nyuma ya shingo. Hayo yangeweza kudhaniwa ni malaria. Kisha nyumbani wakaanza kuona mambo. Baba aliyekuwa na subira anampiga mtoto bila sababu, au anacheka msibani. Mvuvi hodari anaacha nyavu zake zioze. Usiku anazunguka kijijini macho makavu; mchana anasinzia na tonge mkononi. Hatua zinayumba, watu wanasema amelewa. Ulimi unakuwa mzito, mikono inatetemeka. Wengine walikuwa wakali kabisa hata wakafungwa kamba. Mwisho wake mtu alikonda, akalala asiamke, akafa. Na kwa kuwa mabadiliko ya tabia yalitangulia usingizi, wengi walikwisha kuhukumiwa na jamaa zao muda mrefu kabla ya kupelekwa kwa mganga.

Hapa tunamwomba msomaji avumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Kwa nini ugonjwa mmoja uchukue mambo mengi hivyo: usingizi, hasira, mwendo, kumbukumbu, hata maumivu?

Tuanze na usingizi. Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya kaakaa, pana sehemu ndogo isiyopita sana ukubwa wa korosho. Hiyo ndiyo inayoangalia njaa, kiu na joto la mwili, na ndani yake mna saa. Saa hiyo hupokea habari ya mwanga kutoka machoni, ikajua kumekucha au kumekuchwa, ikauamuru mwili wote ulale au uamke. Vijidudu vya malale hukaa kwanza katika damu. Kwa kawaida mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mgumu usioruhusu kila kitu kupenya, ila pana mahali pachache ambapo ukuta ule ni mwembamba, na baadhi ya mahali hapo pako karibu na saa ile. Saa ikivurugika, mpaka wa usiku na mchana unaondoka. Wataalamu wa miaka ya karibuni waliwapima wagonjwa usiku na mchana, wakakuta jambo la ajabu: kwa jumla ya saa ishirini na nne, mgonjwa wa malale halali sana kuliko mtu mzima. Usingizi wake umekatwa vipande vipande na kutawanywa ovyo, kama shuka iliyochanwa. Basi yule aliyeitwa mvivu kwa sababu amesinzia shambani saa nne ya asubuhi, huenda usiku kucha hakupata usingizi.

Hasira nazo zina mahali pake. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, pana sehemu inayowasha hofu na ghadhabu. Na nyuma ya paji la uso pana sehemu inayozishika, kama mchungaji anayemshika mbwa wake mgeni anapobisha hodi. Sehemu ya mbele ikiumwa, mbwa hana wa kumshika. Mtu hufanya mbele ya watu mambo ambayo zamani angeyaonea haya, wala haoni kwamba amekosa.

Mwendo unashughulikiwa na sehemu kadhaa. Iko ile waliyoigusa waganga wa Berlin, inayotoa amri ya kuinua mkono au mguu. Iko nyingine katikati, inayofanya mwendo uanze bila kusita na mikono isitetemeke. Na kisogoni uko ubongo mdogo, unaopima hatua na kuushika mwili usianguke. Huu ukiharibika mtu hutembea kama mlevi. Pombe yenyewe huugusa ubongo huu mdogo, na ndiyo maana mlevi na mgonjwa hufanana kwa mbali. Tunadhani wako watu waliozikwa na sifa ya ulevi bila kuonja hata kibuyu kimoja.

Juu ya maumivu tunaye shahidi mwenyewe. Dakta Kérandel, Mfaransa aliyekuwa Kongo, alishikwa na malale, naye akaandika habari za mwili wake. Aligundua kwamba akijigonga kidogo tu, mahali ambapo mtu mwingine angejifuta vumbi akaendelea na kazi, maumivu yalimpata makali kupita kiasi, tena yalichelewa kidogo kabla ya kufika. Habari za ngozi, misuli na mifupa hupanda kwa uti wa mgongo na kupitia kituo kilicho katikati ya ubongo, kama vile abiria wa reli ya kati wanavyopitia Tabora kabla ya kugawanywa, hawa Mwanza, hawa Kigoma. Njia hizo zikichafuka, habari ndogo hufika kubwa, na habari nyingine hazifiki. Tumewaza juu ya wale waliofungwa kamba. Tunaposoma aliyoyaandika Kérandel, tunafikiri jinsi kamba ile ilivyowauma, na jinsi kilio chao kilivyohesabiwa kuwa wazimu zaidi.

Juu ya kumbukumbu waganga wa siku za Cook walijua machache. Ni mwaka 1953, miaka miwili baada ya Cook kufa, ndipo kijana mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alipofanyiwa upasuaji wa kumwondolea kifafa. Wakakata sehemu ya ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Ya utotoni aliyakumbuka. Mgeni aliyetoka chumbani dakika chache zilizopita alimpokea upya.

Haya yote Dakta Cook hakuwa nayo. Alikuwa na hadubini, macho yake, na mgonjwa mkekani. Wala hakuwa na ufunguo wa kwanza, yaani ugonjwa unatoka wapi. Yeye na ndugu yake walipima damu ya wagonjwa wakaona minyoo midogo ya filaria, wakafuata mawazo ya mkuu wa waganga wa nchi za joto, Patrick Manson wa London, kwamba labda huyo ndiye mkosaji. Walikosea. Ilipochunguzwa nchi kwa nchi, palionekana mahali penye minyoo bila malale, na mahali penye malale bila minyoo.

Mwaka 1902 chama cha wataalamu wa Uingereza, Royal Society, kilituma watu Entebbe. Mmoja wao, Aldo Castellani, Mwitalia kijana, alitoa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa akaona ndani yake kijidudu chenye mkia, kinachojinyonga-nyonga kama samaki. Mwaka 1903 alifika David Bruce, ambaye huko Zululand alikwisha kukiona kijidudu cha jamaa hiyo katika damu ya ng'ombe wagonjwa, na kukipata pia katika mbung'o. Wafugaji wa kwetu wanaujua ugonjwa huo wa ng'ombe bila kufundishwa na mtu. Bruce akaomba msaada wa wenyeji. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, na machifu walikusanya nzi, na kila furushi likaandikwa mahali lilikotoka. Ramani ya mbung'o na ramani ya malale zilipowekwa pamoja, zilifanana. Tunapenda jambo hili litajwe, kwa sababu vitabu vingi humtaja Bruce peke yake, kana kwamba alikamata nzi wote kwa mikono yake.

Mjini London mganga Frederick Mott alichunguza ubongo wa watu waliokufa kwa malale. Hakukuta kidonda kimoja kama kile cha Broca. Alikuta chembechembe za ugonjwa zimesongamana kuizunguka mishipa midogo ya damu, huku na huku katika ubongo. Hapo fumbo likafumbuka. Ugonjwa huu haubomoi chumba kimoja. Unaingia vyumba vyote, lakini si kwa siku moja wala kwa utaratibu uleule, na kwa hiyo mgonjwa huyu huanza kwa hasira, yule kwa kuyumba, yule kwa usingizi.

Lakini kujua si kuponya. Katika miaka ile ya mwanzo walikufa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa Busoga na visiwani. Gavana Hesketh Bell aliamuru tangu mwishoni mwa 1906 watu wahamishwe kutoka mwambao wa ziwa, na mwaka 1909 wakahamishwa wa visiwa vya Sese. Walioacha makaburi ya baba zao na mashua zao hawakuulizwa sana. Mjerumani Robert Koch alijaribu huko Sese dawa yenye sumu ya aseniki, iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda. Wengine walipofuka kabisa, kwa sababu dawa ilidhuru mshipa wa jicho uendao ubongoni. Mganga wa Mengo aliweza kufanya nini? Kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumzuia asijiumize, na kuwaambia jamaa zake kwamba huyu ni mgonjwa. Labda hili la mwisho laonekana dogo. Kwa mama ambaye mwanawe ametajwa kuwa mchawi au mwendawazimu, si dogo.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Uganda. La. Malale ya Tanzania ni ya namna ya pili, iliyo ya haraka zaidi; kijidudu chake hukaa katika wanyama wa porini na ng'ombe, na mtu asipotibiwa huweza kufa katika muda wa miezi. Miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha maelfu ya watu wa Tabora, Kahama na Kigoma kutoka porini, wakae pamoja katika vijiji vilivyofyekwa. Katika Kondoa, mbung'o wa mabondeni waliwafanya watu wasongamane vilimani pamoja na mifugo yao, na ardhi ikachoka. Wazee waliofanya kazi katika mradi wa HADO, ulioanza mwaka 1973, waliyaona makorongo yake. Na hata leo vijana wetu huenda nchi za magharibi kurina asali, kupasua mbao na kutafuta malisho. Kijana akirudi kutoka huko na homa zisizosikia dawa ya malaria, kisha tabia ikabadilika, mganga aambiwe alikokuwa. Kipimo ni cha damu, na cha maji ya uti wa mgongo. Wala si malale tu. Kiharusi, uvimbe ndani ya kichwa, kifafa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya pikipiki, hata uzee, vyote vyaweza kuugusa ubongo mahali pamoja au pengine na kutuletea nyumbani mtu tusiyemtambua.

Turudi kwa Cook. Hatupendi kumchora kama malaika, na liko jambo linalotuhuzunisha katika maisha yake. Baada ya malale kupungua alishika sana habari ya kaswende. Aliamini, akaandika na kuishauri Serikali, kwamba sehemu kubwa mno ya Waganda walikuwa nayo, na kwamba sababu mojawapo ilikuwa kulegea kwa maadili yao. Wanahistoria wa baadaye waliopima habari zake wameona kwamba wengi wa wagonjwa wale yaelekea walikuwa na buba au magonjwa mengine yanayofanana kwa dalili, yasiyotokana na uasherati. Watu wakapewa sifa mbaya, wakapimwa kwa namna ya kuwaaibisha. Mtu yuleyule aliyewatazama wasinziaji bila kuwahukumu, hapa alihukumu upesi. Twaona jinsi jambo hili lilivyo gumu, hata kwa mganga mwenye hadubini mezani na ibada wodini.

Pamoja na hayo aliwafundisha Waafrika uganga wakati wengi wa wenzake walidhani haifai. Mwaka 1917 alianza kufundisha wasaidizi wa waganga Mengo. Yeye na Mama Katharine walianzisha pia chuo cha wakunga, na wakunga waliotoka humo wakatawanyika vijijini. Aliandika kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiganda, ili mganga mgeni aweze kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na kuelewa jibu. Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Alistaafu mwaka 1934, lakini hakurudi kwao. Alikaa Makindye, karibu na Kampala. Mama Katharine alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda, naye akafariki tarehe 23 Aprili 1951, akazikwa Namirembe.

Alipofariki, dawa yenye nguvu zaidi ya malale iliyokwisha kuingia ubongoni, melasoproli, ilikuwa na miaka miwili tu. Nayo ilikuwa na aseniki ndani yake, na katika kila wagonjwa mia waliodungwa, kama watano waliuawa na dawa yenyewe. Kwa miaka mingi waganga walilazimika kuwaambia wagonjwa jambo hilo kabla ya kuwachoma. Sasa viko vidonge, feksinidazoli, vinavyomezwa kwa siku kumi. Wakala wa dawa wa Ulaya ulivikubali mwaka 2018 kwa malale ya namna ya polepole, na mwaka 2023 kwa hii yetu ya haraka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya polepole si tatizo la afya ya umma tena katika Uganda.

Vitabu vya kumbukumbu vya wagonjwa wa Mengo, vilivyoandikwa kwa mkono tangu siku za ndugu wale wawili, vimehifadhiwa katika maktaba ya waganga ya Makerere, Kampala, ambayo inaitwa kwa jina la Albert Cook.